Kona ya Dada: Pima Chini ya Gari Lako Kabla Hujanunua Jeki

Mdogo wangu mmoja, mwalimu wa Korogwe, ameniandikia. Ana Toyota IST aliyouziwa na mtu, na juzi alipofunua sakafu ya buti akakuta tairi la spea lipo, spana ya nati ipo, jeki hakuna. Shule zinakaribia kufungwa, anataka kuwapeleka watoto Moshi kwa bibi yao, na dukani wamemwekea jeki mbili mezani: ya chupa ya tani 2, na ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Anauliza achukue ipi.

Mdogo wangu, usichukue hata moja kwanza. Nenda katafute jeki iliyotoka kiwandani na gari lako. Magari haya ya mtumba yanapitia mikono mingi kabla hayajatufikia, na jeki ni kati ya vitu vinavyopotea mapema. Lakini zipo. Wauza spea za mtumba wanaofungua magari wanazo zimerundikwa pembeni: Gerezani na Ilala kwa walio Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, na karibu kila mji mkubwa una fundi anayejua pa kuzipata. Mwambie aina ya gari na mwaka wake. Atakutolea kajeki kadogo ka mkasi, kamekunjika, pengine kamepigwa vumbi, na utatamani kurudi kwenye ile ya chupa inayong'aa dukani. Usirudi.

Ngoja nikueleze kwa nini. Piga magoti pembeni ya gari lako, uchungulie chini ya mlango. Utaona ukingo wa bati unaoshuka chini na kwenda moja kwa moja kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, pale mabati mawili ya bodi yalipochomelewa pamoja. Sasa pitisha kidole taratibu kwenye ukingo huo, karibu na gurudumu. Utagusa vipengo viwili vidogo. Katikati ya vipengo hivyo ndipo kiwanda kilipoimarisha bati kwa ajili ya jeki, na gari lina sehemu nne za namna hiyo, moja jirani na kila gurudumu. Kichwa cha jeki ya mkasi ya gari lako kina mfereji katikati. Ukingo wa bati unaingia kwenye mfereji, ukingo unatulia, gari haliwezi kuteleza kwenda mbele wala pembeni kirahisi.

Jeki ya chupa kichwa chake ni kiduara kidogo cha chuma, kimenyooka juu. Ukikiweka chini ya ukingo ule, uzito wote unakaa kwenye bati lenye upana wa milimita chache tu. Au bati linajikunja, au kichwa kinateleza. Wengine wakiona hivyo wanasogeza jeki ndani zaidi na kuiweka chini ya sakafu ya gari, au chini ya sampo ya oili. Sakafu inabonyea, sampo inapasuka, na pancha ya saa moja inageuka kazi ya kuvutwa hadi gereji.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalowaumiza wengi wakiwa njiani. Jeki ina urefu wa aina mbili: ikiwa imeshuka kabisa, na ikiwa imepanda kabisa. Zote mbili unatakiwa uzijue kabla hujatoa pesa. Dukani gari lako halipo, na hata ukilileta, matairi yake yote manne yana upepo. Pancha ikitokea, gari linakaa chini upande ule. Linashuka kiasi gani? Soma namba za tairi lako. Tuseme limeandikwa 185/65R15. Hiyo 185 ni upana kwa milimita, na 65 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu wa tairi, kwa hiyo ubavu una kama sentimita 12. Upepo ukiisha wote, rimu inakalia mpira na unaweza kupoteza sentimita 6 mpaka 8. Kama ukingo wa gari lako uko sentimita 20 kutoka ardhini siku ya kawaida, siku ya pancha utabaki na 12 au 14. Jeki nyingi za chupa za tani 2 zikishushwa kabisa bado zina kimo cha sentimita 15 hadi 18 au zaidi. Haiingii. Utakuwa umechuchumaa jua la Same na jeki mpya mkononi, na hakuna pa kuiweka. Jeki ya mkasi ikikunjwa inabaki na sentimita 10 au pungufu, ndiyo maana watengenezaji wa magari madogo wameendelea nayo miaka yote hii.

Kwa hiyo beba rula ya shule, si unazo hapo? Pima kutoka ardhini hadi kwenye ukingo, toa zile za tairi kulala, namba iliyobaki ndiyo unayokwenda nayo dukani. Na urefu wa juu uangalie hivyo hivyo. Tairi la spea lenye upepo linahitaji nafasi kubwa kuliko lile ulilolitoa limelala, kwa hiyo jeki inayofanikiwa kuinua rimu kidogo tu kutoka ardhini haijamaliza kazi. Hapa wenye magari yaliyopandishwa kwa kuwekewa raba kwenye springi, au kuvalishwa matairi makubwa kuliko ya kiwanda, wasikilize kwa makini: jeki ya asili ya gari lenu inaweza isifike tena. Nyongeza yoyote ya kimo iwekwe chini ya jeki, iwe ubao mpana uliotulia. Usipachike kipande cha mti kati ya kichwa cha jeki na gari ili kupata urefu. Kipande hicho kitachomoka gari likiwa juu.

Habari ya uzito ni nyepesi kuliko wanavyoifanya wauzaji. IST tupu ina tani 1 na kidogo, Noah tani 1 na nusu hivi, Prado tani 2 na zaidi. Jeki inainua pembe moja, hailibebi gari zima, ndiyo maana ukiona jeki ya kiwanda imegongwa tani 1 usishtuke. Ila ukinunua ya dukani, chukua yenye uwezo usiopungua uzito wa gari zima likiwa na watu na mizigo. Watu watano na mabegi ni kilo 300 na zaidi, na ninyi mnaotoka Lushoto na magunia ya viazi mnajijua. Uzito umeandikwa kwenye kadi ya gari au kitabu chake. Na ile stika ya "tani 2" isikutulize peke yake. Tafuta uwezo uliogongwa kwenye chuma au kwenye kibati kilichopigwa ripiti. Shika jeki mkononi, zungusha, sikiliza kama viungo vinacheza.

Jeki ya mtumba ikague hivi. Izungushe mpaka juu kabisa, kisha mpaka chini, kwa mkono wako, pale pale kwa muuzaji. Hesi za ule msumari mrefu wa katikati zinatakiwa ziwe kali na safi. Zikiwa zimeliwa au zimelainika, mrudishie. Mikono yake minne iwe imenyooka. Ukiona alama ya kuchomelewa popote, mrudishie pia, hata akikupunguzia bei. Kutu ya juu juu inatoka kwa brashi ya waya, lakini sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi inakula hesi kwa ndani, kwa hiyo ipake grisi kabla hujaihifadhi, na uipake tena mara kwa mara. Hakikisha pia mkono wake wa kuzungushia upo na unaingia. Jeki bila mkono wake ni chuma tu.

Sijaidharau jeki ya chupa, isije ikaonekana hivyo. Kwa pikapu, Hiace, Prado na magari yenye chasi nzito yaliyo juu, ndiyo hasa. Mahali pake ni chini ya ekseli ya nyuma au sehemu ya chasi iliyoelekezwa kwenye kitabu cha gari, chuma kwa chuma, na hapo kile kichwa chake kidogo kinakaa vizuri. Inabebwa na oili, na oili ina mambo yake. Ihifadhi imesimama, ukiilaza kwenye buti miezi mingi, oili inavuja taratibu na siku ya shida unapampu na haipandi. Ikipungua, ongeza oili ya jeki. Kuna mafundi wanaongeza breki fluidi kwa sababu ndiyo iliyo karibu, nayo inaharibu sili za ndani, jeki inakufa kimya kimya bila wewe kujua. Na valvu ya kushushia ifungue kidogo kidogo, robo ya mzunguko, gari lishuke taratibu. Ukiifungua kwa mkupuo gari linaanguka.

Ile ya umeme, mdogo wangu, kwa ndani ni jeki ya mkasi yenye mota. Ukiwa na mgongo mbovu au mkono unaouma, ina maana. Lakini inakula umeme mwingi, na fyuzi ya tundu la sigara katika magari mengi ni ya ampea 15, hivyo inaweza kukatika gari likiwa nusu juu. Kama ni lazima uwe nayo, chukua inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, waya wake ufike hadi gurudumu la nyuma, na iwe na mkono wa kuzungusha umeme ukigoma. Na bado upime kimo chake kama nilivyokueleza. Kuhusu jeki ya magurudumu, ile ndefu ya gereji, ni nzuri mno kwenye sakafu ya saruji. Njiani haifai, kwa sababu kichwa chake kikipanda kinakwenda kwa upinde, na jeki lazima itembee kidogo kufuata. Kwenye mchanga magurudumu yake yanazama, haitembei, na kichwa kinaburuza gari. Na wale wenye shauku ya jeki ndefu za kusimama za mashambani, za meno meno, waachieni wenye magari ya bampa za chuma waliofundishwa kuzitumia. Mpini wake ukikuponyoka unarudi juu kwa nguvu yote ya uzito ulioinuliwa, na taya liko hapo hapo.

Ukishaipata yako, ijaribu nyumbani. Jumamosi asubuhi, uwanja tambarare, ita na watoto waone. Inua pembe moja mpaka tairi liachane na ardhi, pima kwa rula kutoka chini hadi ukingo, kisha mkanywe chai. Mkirudi pima tena. Namba ikiwa imepungua, jeki hiyo inashuka peke yake, rudisha dukani siku hiyo hiyo na risiti yako. Jaribu pia kulegeza nati, gari likiwa limeshushwa chini, maana nati zilizokazwa na mashine ya gereji zinaweza kukushinda kabisa kwa spana fupi. Afadhali kujua leo, ukamwambia fundi azilegeze na kuzikaza upya kwa mkono, kuliko kujua pale Mombo saa kumi na mbili jioni. Na upepo wa spea upimwe. Kama spea yako ni ile nyembamba, inahitaji psi 60, karibu mara mbili ya matairi ya kawaida, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

Sasa njia yenyewe. Pancha ikitokea, washa taa za hazadi, shika usukani, punguza mwendo, na usisimame pale pale kwa kulihurumia tairi. Kama uko kwenye kona, kwenye mlima, au kwenye daraja, tembea polepole sana juu ya pancha mpaka upate palipo sawa na pana. Rimu inanunuliwa. Wanaopita Kitonga najua mnanielewa: mteremko ule si mahali pa kuinua gari. Na ndani ya hifadhi ya Mikumi, au Tsavo kwa wenzetu wa barabara ya Mombasa, usishuke kwenye majani marefu ukadhani uko peke yako. Jikongoje mpaka getini au palipo na watu, hata tairi likisagika.

Pembetatu zako ziweke mbali nyuma, hatua 50 au zaidi, mbali zaidi kama kuna kona. Huna? Kata matawi, madereva wote wa huku wanayaelewa. Ila ukimaliza, yatoe, na kama uliweka mawe, yatoe pia. Jiwe lililoachwa barabarani usiku linamsubiri mwenye pikipiki.

Watu wote washuke, wakae mbali na barabara, upande wa porini, mkubwa awashike wadogo mikono. Kisha zuia gari lisitembee, na hapa nikae kidogo, maana jeki nyingi haziangushi gari kwa ubovu wake. Gari linasogea, jeki inalala. IST nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiweka P umefunga ya mbele. Lakini ukiinua gurudumu moja la mbele, lile la hewani liko huru kuzunguka, na difu inamruhusu mwenzake aliyebaki chini azunguke pia. P imekwisha nguvu hapo. Gari limebaki mikononi mwa handibreki, inayoshika ya nyuma. Ukiinua la nyuma, handibreki nayo imebaki na gurudumu moja tu. Kwa hiyo weka vyote viwili, P na handibreki, kisha piga kabari kwenye gurudumu lililo pembe ya mkabala: pancha ya mbele kushoto, kabari nyuma kulia, mbele na nyuma ya tairi. Mwombe seremala vipande viwili vya mninga avichonge mshazari, havina gharama. Utingo wa lori hatoki bila kabari yake, na sisi tusitoke.

Kwa seremala huyo huyo chukua na ubao, sentimita 30 kwa 30, unene wa 3. Jeki ya mkasi ina kitako kidogo kama kiganja, na bega la barabara zetu ni mchanga au udongo mwekundu. Mvua ikiwa imenyesha, jeki inazama badala ya gari kupanda. Ubao unasambaza uzito. Tofali la saruji usiliweke kamwe, linapasuka ghafla bila kukuonya. Na ubao huo una kazi nyingine: kama jeki haiingii chini, panda polepole na gurudumu lenye pancha juu ya ubao, utapata zile sentimita ulizokosa.

Legeza nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado ardhini. Ukizing'ang'ania likiwa hewani, unalitikisa gari juu ya jeki. Kisha inua, na mara gari linapoanza kupanda, lisukumie tairi la spea chini ya gari, limelala, nyuma ya ukingo, pembeni ya jeki. Jeki ikiteleza, gari litakalia tairi. Ukishachomoa lenye pancha, badilishana: lile la pancha liende chini, spea itoke. Tairi lishike ubavuni, mkono kushoto na mkono kulia. Vidole visiwe juu ya tairi, kati yake na bodi, wala visiwe chini yake. Nati ziweke ndani ya kifuniko cha gurudumu au zifunge kwenye pindo la kanga. Moja ikidondoka na kubingirika chini ya gari, ivute kwa fimbo au kwa spana. Usitie mkono. Usimtume mtoto kwa sababu ana mkono mwembamba.

Hili nalisema kwa moyo wote. Jeki ya njiani inainua, basi. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliyelala chini. Kichwa, kifua, mguu, hakuna kinachopita chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata dakika moja, hata nyumbani, hata fundi wako akisema amefanya hivyo miaka yote. Kama fundi anakuja uani kwako kuangalia oili inakovuja na ameingia chini kwa jeki tupu, mwambie atoke. Ni gari lako, una haki ya kusema. Aweke stendi za chuma pande zote mbili, au gari lipelekwe penye shimo.

Uliniuliza pia, mwishoni mwa barua, kama ni vibaya kukubali vijana wanaosimama kusaidia. Si vibaya, watu wetu wana utu njiani, na mwanamke aliye peke yake na watoto hakai nusu saa bila mtu kusimama. Ukiwa na mashaka nao, rudi ndani ya gari likiwa bado chini, funga milango, piga simu. Ukiwaamini, washukuru, kisha toa vitu vyako mwenyewe: ubao, kabari, jeki. Waonyeshe vile vipengo viwili. Wengi wana nguvu na haraka, na haraka ndiyo inayoweka jeki chini ya sakafu. Sema kwa heshima, "Kaka yangu, naomba tuanze na kabari." Watakusikiliza, maana gari ni lako na umeonyesha unajua.

Nati zikazwe kwa kurukana, si kwa kufuatana, kwanza kidogo gurudumu likiwa juu, kisha kwa nguvu likiwa limekanyaga chini. Usiruhusu mtu apande juu ya spana kwa miguu, boliti za gurudumu zinavutika na kukatika siku nyingine. Ukifika Same, simama sheli yoyote yenye mwanga, zijaribu tena kwa spana, kisha uliza kama kuna wa kuziba pancha jirani, maana kutoka hapo mpaka Moshi utakuwa huna spea.